Je, wajua kwa nini kipimajoto cha paji la uso humgombanisha mtalii na mwenyeji?

Chukua mfano wa gati la Kilwa Masoko, saa saba mchana, wakati wa korona. Mtalii amesimama juani nusu saa akingoja boti ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani kuuona Msikiti Mkuu. Anaelekezewa kipimajoto chenye umbo la bastola, kinasoma 38.1. Wa nyuma yake amelowa jasho, kinasoma 34.6. Wa kwanza anazuiwa na kukasirika, nahodha anaona nauli inamponyoka, na mama lishe aliye pembeni anauliza huyu wa pili kaachiwaje hali anakohoa. Kila mmoja ana hoja. Ila huenda namba zote mbili ni za uongo.

Kifaa hicho hakipigi mionzi. Kinapokea joto ambalo ngozi yenyewe inalitoa, kama kiganja kinavyohisi joto la jiko bila kuligusa. Uvumi ulioenea mwaka 2020 kwamba kinaua ubongo haukuwa na msingi. Lakini kinukta chekundu kilichowatisha watu kilikuwepo kweli kwenye baadhi ya vifaa: ni mwanga wa kulengea wa vipimajoto vya kiwandani, vilivyotengenezwa kupimia mitambo na mabomba. Hivyo havifai kwa binadamu. Mwanga wake ni hatari kwa jicho, na usomaji wake unaweza kukosea kwa nyuzi 2 hivi, ambazo ndizo zinazomtenga mzima na mgonjwa.

Cha hospitali nacho kina mtego wake. Ngozi ya paji la uso kwa kawaida ina nyuzi 33 hadi 35, si 37. Kifaa husoma ngozi, kisha huongeza tofauti kwa hesabu ili kukisia joto la ndani. Kwa hiyo lolote linaloipata ngozi huingia kwenye hesabu. Jua hupandisha. Jasho likikauka hushusha, na upepo wa bahari vilevile. Kofia, au ukingo wa mtandio uliovutwa hadi karibu na nyusi, hutunza joto na kupandisha. Vifaa vingi vina hali mbili, ya mwili na ya vitu. Kikiachwa kwenye ya vitu, watu wote watasoma 33 au 34, na mpimaji aliyechoka ataandika tu. Halafu kuna joto la mahali penyewe: vingi vimeruhusiwa kutumika kati ya nyuzi 16 na 40. Kikisahaulika juani juu ya meza ya bati, kinavuka hapo bila mtu kujua. Kikitolewa kwenye gari lenye kiyoyozi, kinahitaji dakika 15 hadi 30 kuzoea hewa ya gatini.

Upimaji wa haki unaanzia kivulini. “Samahani mama, vua kofia, kaa hapa kidogo upoe,” kisha dakika 10 hadi 15 zipite. Futa jasho kwa kitambaa kikavu, ngoja tena kidogo, lenga katikati ya paji kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji (mara nyingi sentimita 3 hadi 5, yaani vidole viwili au vitatu). Ikivuka 37.5 au 38, kutegemea kikomo kilichowekwa, rudia baada ya dakika 10. Ikibaki juu, tumia kipimajoto cha kwapani. Hapo ndipo useme mtu ana homa. Ugomvi mwingi wa gatini ungekwishia kwenye benchi la kivulini, na benchi ni rahisi kuliko kifaa.

Hata hivyo, kipimo sahihi bado humpitisha mwenye virusi. Korona ya mwanzo ilichukua wastani wa siku 5 au 6 tangu kuambukizwa hadi dalili, na iliweza kufika 14. Wengine hawakupata homa kabisa. Wakati wa SARS, ugonjwa wa mapafu unaotokana na kirusi cha jamii ya korona, mwaka 2003, Kanada ilikagua wasafiri zaidi ya milioni 6 kwenye viwanja vyake vya ndege, haikumpata mgonjwa wa SARS hata mmoja.

Sasa piga hesabu ya Kilwa. Kuanzia Mei 2021 mgeni alitakiwa aje Tanzania na cheti cha PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta virusi kwenye sampuli ya puani, iliyochukuliwa ndani ya saa 72 kabla ya kuwasili. Ongeza usiku mmoja Dar es Salaam na safari ya barabara ya kama kilomita 300. Anapokanyaga boti, cheti kinaweza kuwa kinaeleza pua yake ya siku nne zilizopita. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa korona angeshika jembe na kulima ndipo aanze kukohoa.

Kwa hiyo wenyeji waliosema “kupimwa Dar si kupimwa huku” hawakuwa wakaidi. Nao wageni walikuwa na lao. Machi 2020 Tanzania iliweka karantini ya siku 14 kwa gharama ya msafiri mwenyewe, ikaiondoa Mei. Nchi nyingi zilifanya hivyo, ingawa Kifungu cha 40 cha Kanuni za Afya za Kimataifa kinasema msafiri asiyeomba ukaazi asitozwe uchunguzi wala karantini. Linganisha na kadi ya homa ya manjano: inajulikana kabla ya tiketi kukatwa, sindano huchomwa siku 10 kabla ya kufika, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Malalamiko juu yake ni haba. Kinachochoma watu ni sharti linalowakuta njiani, kwa bei wasiyoitarajia.

Madhara mabaya zaidi ni ya kimyakimya. Anayeogopa kuzuiwa humeza parasetamoli asubuhi, na homa hushuka kwa saa 4 hadi 6. Inatosha kuvuka gati lolote. Tena homa inayofichwa huenda si ya korona: huku Lindi na Mtwara malaria bado ni nyingi, na dalili zake huanza mapema kabisa siku ya 7 hivi baada ya kuumwa na mbu. Mtalii anayepata homa siku ya 10 ya matembezi, kati ya Mikindani na Msimbati, anahitaji tone la damu ya kidole kwenye kipimo cha haraka cha malaria, majibu dakika 15 hadi 20, hata kama kila mtu anawaza korona. Mpimaji mzoefu humwuliza kila mtu kabla ya kuinua kifaa: “Umemeza dawa yoyote ya maumivu tangu alfajiri?” Akijibiwa ndiyo, namba ya kifaa haiandikwi, huandikwa saa aliyomeza.