Kadi ya Waifai Kuingia Tunduni Si Kushika Mtandao

"Imeingia, basi itafanya kazi." Hayo hayafi, khasa kwa wanaonunua laptopu za mtumba Darajani, Unguja, kisha wakazitia Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Tundu la M.2, pale kadi ya waifai inapochomekwa ndani ya laptopu, ni la umbo moja, lakini kadi ni za namna mbili. Intel AX200 na AX210 ni kadi kamili za PCIe, njia ya kawaida ya kuunga kadi na bodi: weka kwenye laptopu yenye prosesa ya Intel au ya AMD, zitafanya kazi. AX201 na AX211 ni za CNVi, njia ya Intel peke yake. Hizo zimebeba redio tu. Kazi iliyobaki imo ndani ya chipu za Intel zilizoko kwenye bodi. Ukiitia AX201 kwenye laptopu ya AMD, au ya Intel kizazi cha 7, skrubu inakaza vizuri kabisa, lakini ukiandika lspci, amri ya kuorodhesha vifaa vya ndani, kadi haimo. Hapo ndipo mtu hukesha akipakua draiva, programu ya kuendesha kadi. Draiva ina kosa gani? Hata Windows isingeiona. Tafauti ni tarakimu ya mwisho, 0 au 1, na muuzaji atakwambia zote sawa. Si sawa! Nunua inayoishia na 0.

Keneli, yaani kiini cha Linux, nayo toleo lake litazamwe kwa kuandika uname -r. AX200 inataka 5.1 kwenda juu, AX210 inataka 5.10. Ubuntu 20.04 ya mwanzo, aina moja ya Linux, ilikuja na 5.4, kwa hiyo AX210 haitashika mpaka uipandishe keneli. Ukishafunga, andika lspci -nnk: AX210 hujitaja kwa namba 8086:2725, na chini yake uone iwlwifi, draiva ya waifai ya Intel.

Katika kufunga, chomoa betri kwanza. Vichwa vya waya za antena ving'olewe kwa kuvutwa juu wima, visipindwe, na wakati wa kurudisha uvibonyeze mpaka vilie. Kimoja kikikaa upande, waifai itashika ukiwa karibu na ruta tu, nawe utailaumu Linux.

"Linux haina waifai." Maneno ya zamani hayo. Wasumbufu ni baadhi ya kadi za Broadcom, kama BCM43142, ambayo draiva yake haimo kwenye keneli. Kwenye Debian, Linux ya aina nyengine, unaiweka kwa kifurushi cha broadcom-sta-dkms. Huna intaneti ya kuipakulia? Chomeka simu kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB.

"Kadi nzuri inakubaliwa na laptopu yoyote." ThinkPad X230 kwanza tundu lake si M.2, ni mini PCIe, umbo la zamani. Pili BIOS yake, programu inayoamka kabla ya Linux, ina orodha ya kadi inazozikubali. Ukiweka nyengine inaandika kosa 1802 na haiwaki.

"Nitanunua ya USB, yaishe." Haiishi. TP-Link TL-WN722N toleo la 1 ina chipu ya Atheros AR9271, ambayo Linux inaijua vizuri. Toleo la 2 wameweka Realtek, jina lile lile. Soma toleo kwenye kibandiko cha kifaa chenyewe. Bora zaidi, nenda dukani na fleshi yenye Linux, uwashe laptopu kwa fleshi hiyo na uunge waifai kabla hujatoa pesa. Muuzaji akikataa, duka la pili haliko mbali.