Je, wajua kwa nini hospitali ya kaunti inakusanya pesa kila siku na bado inakosa glavu?

Foleni ya keshia haiishi, watu wanalipia kadi, maabara, picha, kitanda, halafu ukifika wodini unaambiwa glavu hakuna, sindano hakuna, toka nje ununue kwa chemist. Ukiuliza mtu yeyote Kenya inakuwaje, jibu liko tayari: wakubwa wa hiyo hospitali wamekula. Sasa wizi upo na hakuna mtu atakuambia haupo, lakini kuanzia 2013 ugatuzi ulipoanza mpaka karibu 2023 kulikuwa na sababu nyingine ambayo iko kwa sheria yenyewe, na kwa kaunti nyingi hata ungeweka malaika kuwa msimamizi wa hospitali angekosa glavu vilevile, juu pesa iliyolipwa pale dirishani haikuwa yake kuitumia.

Turudi nyuma kidogo tu. Serikali ilileta mpango wa kuchangia gharama za matibabu Desemba 1989, na hesabu ilikuwa rahisi: asilimia 75 ya kilichokusanywa inabaki pale pale kilipokusanywa, 25 inaenda kwa kazi za kinga na afya ya msingi wilayani. Baadaye ada za zahanati na vituo vya afya zikashushwa (2004 ilikuwa shilingi 10 na 20), kisha Juni 2013 zikaondolewa kabisa. Hospitali kubwa ziliendelea kutoza.

Halafu ikaja Katiba ya 2010. Kifungu cha 207 kinasema kila kaunti iwe na Mfuko wa Mapato, na pesa yote iliyokusanywa na kaunti au kwa niaba yake iingie humo. Hospitali ya kaunti ni mali ya kaunti, kwa hivyo shilingi yako ya maabara ikawa kwa macho ya sheria ni sawa na ada ya soko au parking. Na ikishaingia haitoki hivi hivi: lazima iwe imepitishwa na bunge la kaunti kwa bajeti, hazina ya kaunti iombe itolewe, Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) aidhinishe, ndipo iteremke kwa akaunti ya matumizi na manunuzi yaanze.

Chukua mama mwenye mgahawa. Anauza chapati mchana kutwa na wateja wamejaa, lakini kila jioni lazima apeleke mauzo yote kwa mwenye plot, na asubuhi akitaka unga anaandika barua. Mwenye plot si mwizi, tatizo ni kwamba kutoka kwa huo mfuko mmoja analipa pia walinzi, maji, barabara ya kuingilia, na wapangaji wengine wote wameandika barua zao. Barua ya unga inajibiwa baada ya wiki kadhaa, wakati mwingine kwa nusu ya alichoomba. Kuna jambo la pili ambalo mimi naona ndio zito zaidi: baada ya muda huyo mama anaacha kuhesabu vizuri, maana akiuza sana ama akiuza kidogo, unga anaopata haubadiliki. Na mteja akilalamika chapati ni ngumu, mama anasema mwulize mwenye plot, mwenye plot anasema mwulize mama. Uwajibikaji unapotea hapo katikati hata kama hakuna mtu ameiba senti. Tunapiga kelele kuhusu wizi (na ni sawa tupige) lakini hili la pesa kukosa mwenyewe wa kuulizwa halipati hata robo ya hiyo hasira, na linaumiza mgonjwa yuleyule.

Linganisha na Hospitali ya Kenyatta. Hiyo ni shirika la serikali tangu 1987, ina bodi yake na inasimamia mapato yake, kwa hivyo huu mtego wa Kifungu cha 207 haukuwahi kuigusa. Nchi moja, madaktari wamesoma shule zilezile, tofauti ni hadhi ya kisheria.

Wengine huruka upande wa pili wanasema basi Katiba ndio iliharibu. Hapana. Hicho kifungu chenyewe kinaacha mlango: pesa yote iingie, isipokuwa ile iliyotengwa kwa sababu ya maana na sheria ya Bunge. Na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 109, ikaufungua kabisa ikasema taasisi ya kaunti inaweza kubaki na ilichokusanya kama kuna sheria inayoruhusu, hata sheria ya kaunti yenyewe. Kaunti kadhaa zilitunga sheria hizo na hospitali zao zikaendelea kushika pesa. Nyingine hazikutunga. Kwa hivyo kwa hizo zilizokaa kimya ule ulikuwa uamuzi wa watu, gavana na bunge lake, na hilo ni swali la kuwauliza wao sio la kuuliza Katiba.

Madhara yake yamechunguzwa. Edwine Barasa na wenzake, watafiti wa afya wa KEMRI-Wellcome Trust, waliangalia hospitali za Kaunti ya Kilifi na 2017 wakachapisha walichokuta: ugatuzi ulioletwa kusogeza madaraka karibu na wananchi ulikuwa umeyatoa kwa hospitali na kuyarundika makao makuu ya kaunti, uongozi wa hospitali ukadhoofika, wafanyakazi wakavunjika moyo, ushiriki wa jamii ukashuka na ubora wa huduma pia. Hiyo ni kaunti moja, usiibebe kama picha ya zote 47.

Tarehe 19 Oktoba 2023 Rais Ruto alitia saini sheria nne za afya siku moja. Ile ya Bima ya Afya ya Jamii ndio ilichukua kelele zote, lakini pembeni kulikuwa na Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo, ambayo inasema kituo cha umma kinachokusanya pesa kinabaki nayo na kuitumia, na kwamba hiyo pesa ni nyongeza juu ya bajeti ya kaunti, sio mbadala wake. Kwa kubadilishana, kituo kinapaswa kuwa na kamati ya usimamizi, mpango wa matumizi, na ripoti za fedha.

Sheria hiyo haitibu kila kitu. Hospitali ya mjini yenye wagonjwa wenye uwezo itabaki na nyingi, ile ya kule ambako watu hawana itabaki na kidogo. Kaunti inaweza kupunguza mgao wake pole pole ikijua hospitali ina zake. Na tangu Oktoba 2024 SHA (mamlaka ya hiyo bima mpya ya afya) ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani, sehemu ya mapato inategemea madai ya bima, na huwezi kubaki na pesa ambayo bado hujalipwa.

Kama unataka kujua ya kwenu, Katiba kifungu cha 35 inakupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inampa ofisa siku 21 za kukujibu, au saa 48 kama ni suala la uhai au uhuru wa mtu. Andika barua kwa hospitali, uliza vitu vitatu: robo mwaka iliyopita mlikusanya ngapi, mlitumia ngapi na kwa vitu gani, na nani wako kwenye kamati. Nakala ya pili mpelekee MCA wako (mwakilishi wa wadi).