Samaki wa kundi hawako kwenye gwaride

Kila muuza samaki wa mapambo siku hizi anajua kusema "hawa ni wa kundi", na mnunuzi anaondoka akiamini kabeba gwaride ndani ya mfuko wa plastiki. Haipiti muda malalamiko yanaanza. Mmoja kajificha kwenye majani, wawili wanazungukana pembeni, wengine wanadonoadonoa changarawe, na hakuna hata dalili ya kwenda pamoja. Mwenye tangi anauliza kama wanaumwa.

Hawaumwi. Samaki wa kundi ni yule anayehitaji wenzake wa aina yake karibu ili aishi kwa utulivu. Maana ni hiyo tu, na ndani yake hakuna neno lolote kuhusu kupanga mstari.

Mkanganyiko unatokana na kuita kwa jina moja mambo mawili tofauti. Mtaalamu wa tabia za samaki Tony Pitcher aliyatenganisha vizuri mwaka 1983. Kuna kukaa pamoja: samaki wako karibu kwa sababu kila mmoja anapenda kuwa na wenzake, lakini kila mmoja ana shughuli zake. Halafu kuna mwendo wa pamoja: wote wanaelekea upande mmoja kwa kasi moja, na akigeuka mmoja wamegeuka wote. Samaki wanaokaa pamoja wanaweza kuingia kwenye mwendo huo kwa sekunde chache, kisha wakautoka. Hawauishi kutwa.

Mchukue samaki wa Baiyun, ambaye wafugaji wanaoanza hushauriwa sana waanze naye. Ni mdogo, sentimita 4 hivi, asili yake vijito vya mlima Baiyun karibu na Guangzhou, China. Jina lake la kisayansi, Tanichthys albonubes, lilitolewa mwaka 1932: sehemu ya kwanza inamkumbuka Tan, kiongozi wa skauti aliyemgundua, na ya pili ni Kilatini cha "wingu jeupe", ambayo ndiyo maana ya Baiyun. Kwao alipungua hadi ikadhaniwa ametoweka kabisa porini, kisha wachache wakapatikana tena sehemu nyingine za kusini mwa China. Kwenye matangi ya watu, wakati wote huo, alikuwa anazaana bila taabu.

Sasa waweke kumi kwenye tangi lenye mimea ya kutosha, uwaache wazoee. Utaona madume mawili yakisimama ubavu kwa ubavu, yametanua mapezi yote, kila moja likijionyesha kwa mwenzake. Utaona jike limejitenga kwenye majani na dume likilifuata. Huo ndio utulivu. Samaki mwenye hofu hana nafasi ya kutamba wala kuchumbia.

Wakijikusanya ghafla wakawa bonge moja, wote wakitazama upande mmoja, kuna kilichowatisha. Kusongamana kunamchanganya adui, maana ni vigumu kumlenga mmoja katikati ya miili mingi inayofanana. Samaki wa jamii hii wana hata king'ora cha kemikali. Mwanasayansi Karl von Frisch, anayejulikana zaidi kwa kazi yake kuhusu namna nyuki wanavyocheza ili kuelekezana kwenye chakula, alieleza mwaka 1938 kwamba ngozi ya samaki mdogo wa vijitoni ikijeruhiwa hutoa kitu majini ambacho wenzake wakikinusa hushtuka na kukimbia. Kwa hiyo lile gwaride uliloliona dukani, kwenye tangi tupu lenye taa kali huku watu wakigonga kioo, lilikuwa hofu. (Na wauzaji wengine hugonga makusudi, ili mteja aone "wanavyojipanga".)

Kosa jingine ni la hesabu. Watatu wa aina hii na watatu wa aina ile si kundi la sita, kwa sababu kila mmoja anatafuta wa aina yake. Anza na sita wa aina moja. Wanane au kumi ni bora zaidi. Na joto lisisahaulike: huyu wa Baiyun anapenda maji ya nyuzi 16 hadi 22, hivyo Nairobi au Arusha hahitaji hita, lakini Dar es Salaam na Mombasa maji ya chumbani yatamchosha.

Kwa anayetaka vifaranga, tofauti hii ya kukaa pamoja na mwendo wa pamoja ina uzito hasa. Hawa hutawanya mayai kwenye majani laini kisha huondoka, hawalindi kitu. Mayai huanguliwa baada ya siku mbili hivi, na mwanzoni vifaranga hula vijidudu vidogo mno, baadaye artemia wachanga, yaani kamba wadogo sana wa maji ya chumvi. Lakini kabla ya yote hayo dume na jike lazima wajitenge na wenzao kwa muda. Anayebana nafasi, au anayeng'oa mimea ili samaki wake "wakae pamoja waonekane", anazuia kitu kilekile anachokitafuta.

Basi samaki wako wakitawanyika tangi zima, usiseme wameacha kuwa wa kundi. Sema wamezoea. Ni wa kundi vilevile: muondoe mmoja umweke peke yake, uone atakavyokosa raha.