Babu aliishi miaka 98, mbona nimeze dawa za presha?

Mimi ni muuguzi katika zahanati moja huku Eastlands, Nairobi, upande wa kupima presha. Maswali haya wagonjwa huniletea kila wiki.

Sista, ni kweli maisha marefu hurithiwa?

Kwa kiasi. Jeni ni maagizo ya mwili tunayopokea kwa baba na mama. Utafiti wa mapacha wa Denmark uliochapishwa 1996 ulionyesha kuwa takriban robo tu ya tofauti za umri wa kuishi hutokana na urithi. Kwa wanaovuka miaka 100 urithi huwa na uzito zaidi. Mwaka 2008, watafiti wa Hawaii waliikuta aina fulani ya jeni iitwayo FOXO3 mara nyingi zaidi kwa wanaume wenye asili ya Kijapani walioishi sana. Hapa kwetu hatuipimi, na hata ungekuwa nayo, dawa yako ya presha ingebaki ileile.

Lakini babu yangu alifika 98. Si damu yetu ni ngumu?

Babu mmoja hukuachia karibu robo ya jeni zako. Robo tatu umezitoa kwa watu ambao hata hujawataja. Hebu uliza nyumbani: babu alizaliwa na ndugu wangapi, na wao walifika wapi? Hapo wengi hunyamaza. Jeanne Calment wa Ufaransa, ambaye umri wake ndio mrefu zaidi uliothibitishwa, alifariki 1997 akiwa na miaka 122. Binti yake wa pekee, aliyebeba nusu ya jeni zake, alifariki 1934 akiwa na miaka 36.

Na ukitaka kuzungumzia urithi, presha nayo hurithiwa. Hiyo hakuna anayejivunia.

Sisikii maumivu yoyote. Naweza kuacha dawa?

Hapana. Presha haiumi. Inaharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo huku wewe ukila chapati na kucheka.

Kuna dereva wa matatu, miaka 52, niliyempima nikapata 178 kwa 110. Akaniambia, "Sista, kwetu watu hawafi mapema." Kadi yake ya kliniki ilikuwa na miezi mitatu mitupu. Aliporudi alikuwa ameshikiliwa na bintiye, mdomo umeenda upande, chai ikimtoka kidevuni. Walikuwa wamemkanda kwa mafuta siku mbili nzima. Siku mbili!

Kwa hiyo narudia: usiache dawa kwa sababu unajisikia vizuri. Unaweza kujisikia vizuri hata presha ikiwa juu. Zikikusumbua, rudi tuzibadilishe.

Mtu mdomo ukienda upande, tungoje asubuhi?

Hapana, hapana kabisa. Mdomo kupinda, mkono kulegea, maneno kukorogeka ni dalili za kiharusi: hospitali yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, saa hiyo hiyo. Kama ni damu iliyoganda kwenye mshipa wa ubongo, dawa ya kuiyeyusha hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Ondoa muda wa foleni ya magari ya Jogoo Road jioni uone kinachobaki.

Nipime lini basi?

Leo. Dakika tano zinatosha. Na kama babu bado yupo, njoo naye. Wazee wangu wa miaka 90 huja Alhamisi, na wengi wao hutoa vidonge mfukoni kabla sijauliza.