Karloff hakuvaa kinyago
Wengi huamini kwamba mwigizaji Boris Karloff alivaa kinyago cha mpira alipoigiza zimwi katika filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931. La hasha. Jack Pierce, mpambaji wa nyuso za waigizaji katika studio ya filamu ya Universal, aliujenga uso ule upya kila siku ya kazi, kwa saa kadhaa. Paji la uso lilikuwa tabaka za pamba zilizolowekwa kolodioni, kimiminika chenye harufu kali kinachokauka kikawa utando mgumu. Nta ilizitia kope uzito. Shavu lililobonyea? Hilo la Karloff mwenyewe: alitoa meno yake ya bandia ya upande mmoja. Kinyago kingeokoa muda, lakini misuli ya uso isingeonekana ikicheza. Rangi ya kijani kibichi-kijivu nayo ilipakwa ili kamera isiyo na rangi imwonyeshe amepauka kama maiti.