Doa la jua husokotwa kama kamba

Jana alasiri nlikuwa forodhani hapa Lamu na durubini yangu, nimeielekeza juani picha ianguke kwenye karatasi nyeupe (usichungulie jua kwa jicho hata sekunde moja, laungua na wala husikii maumivu), pakaonekana madoa mawili meusi kama punje za mtama. Ami mmoja nahodha akauliza, "Hapo ndipo jua lazimika?"

La, ami. Doa lina joto la digrii 3,500 hivi, pembeni yake ni 5,500, ndo maana laonekana jeusi. Sumaku ndo inayozuia joto lisipande, tena sumaku ya gauss 3,000 (gauss ni kipimo cha nguvu ya sumaku) na ile ya dunia yenyewe hata gauss moja haifiki. Mwanafalaki wa Marekani George Ellery Hale aliigundua 1908.

Sasa nguvu ya milipuko ya jua yajaaje? Jua ni gesi yenye chaji, kwenye ikweta yake lazunguka kwa siku 25 hivi na kwenye ncha zaidi ya 30, kwa hivyo mistari ya sumaku yaburutwa, yakazwa, na gesi ya chini yazidi kuizungusha miguu yake. Nikamwambia ami ashike ncha ya kamba yake ya usumba, mimi nikasokota ncha ya pili, nikasokota weee mpaka ikawa ngumu kama fimbo, akasogea hatua moja tu kamba ikajipinda yenyewe ikatoa kitanzi. Hakuna aliyeisukuma, ni ule msokoto niliotia mimi. Juani kusokota huchukua masiku, na juu yake kuna mistari mingine imeikandamiza, ikilegea hiyo basi msokoto wafumuka. Hapo ndipo sumaku hufanya kisichowezwa na kamba: mistari iliyoelekeana kinyume hukatika na kuungana upya kwa dakika chache, gesi yapata joto la mamilioni ya digrii, ndo mlipuko wenyewe. Mwanga wake watufikia kwa dakika 8, na pengine msokoto wote huruka na mabilioni ya tani za gesi, huo huja kwa siku moja mpaka tatu.

Ukubwa wa doa peke yake haunitishi. Doa kubwa lililotulia laweza kupita wiki mbili kimya. Lile la Mei 2024 lilikuwa kubwa, sawa, lakini kilichonikosesha usingizi ni ncha za sumaku, za kaskazini na za kusini, zilivyobanana ndani yake, na tarehe 10 ikaja duniani dhoruba ya sumaku kali kuliko zote tangu 2003.

Haya mawili ya jana yamekaa mbalimbali. Leo alasiri narudi na karatasi ileile, ami keshasema atakuja, tuone kama pale katikati pamechipuka vidoa vipya.