Tandiko mseto la dampo si matandiko mawili

Tandiko la dampo ni kizuizi kinachowekwa ardhini kabla taka hazijaanza kumwagwa, ili maji machafu yanayochuruzika kutoka humo yasifike kwenye maji ya visima. Hapo hapana ubishi. Ubishi huja pale mchoro wa dampo jipya unapoonyesha plastiki, chini yake kitambaa kinene, na chini ya kitambaa udongo wa mfinyanzi, halafu pembeni pameandikwa "tandiko mseto". Hilo si mseto.

Mseto ni plastiki na mfinyanzi vinavyogusana. Kanuni za Marekani za mwaka 1991 kuhusu madampo ya taka za mijini zinalitaja sharti hilo waziwazi: plastiki ilale moja kwa moja juu ya udongo ulioshindiliwa, wenye unene usiopungua sentimita 60. Plastiki yenyewe, ikiwa ni ile nyeusi ya HDPE (polithini nzito), iwe na unene wa angalau milimita 1.5.

Sababu iko kwenye udhaifu wa kila kimoja. HDPE karibu haipitishi maji, ila haikosi matundu: kiungo kilichochomelewa vibaya, jiwe, tairi la mtambo. Mfinyanzi hauna matundu, ila hupitisha maji polepole katika eneo lake lote. Vikigusana, maji yanayopita kwenye tundu hukutana na kipande kidogo tu cha udongo, na yanayovuja ni kidogo sana. Ukiweka kitambaa katikati, maji husambaa chini ya plastiki na kupata eneo kubwa la kupenya.

Matandiko mawili ni kitu kingine kabisa: vizuizi viwili kamili, na kati yake tabaka la kupitisha maji lililowekwa makusudi ili uvujaji wa kizuizi cha juu ugundulike na kukusanywa. Marekani huyadai kwa taka hatarishi.

Na kugusana hakuji kwenye karatasi tu. Jua la mchana huitanua HDPE ikajikunja, na kila kunjo ni njia ya maji. Ndiyo maana hufunikwa alfajiri, ikiwa imetulia. Udongo wa mbuga nao huzuia maji vizuri ukiwa na unyevu, lakini ukiachwa wazi Dodoma wiki chache za kiangazi utapasuka. Mkeka wa bentonaiti (aina ya mfinyanzi), unaotumika pasipo na mfinyanzi mzuri, una vitambaa vyake, kweli. Lakini ni vyembamba, na bentonaiti ikilowa huvimba na kupenya ndani ya vitambaa hivyo.

Kwa hiyo, mhandisi mwenzangu, kitambaa kile kinene usikitupe. Kipandishe juu ya plastiki, kiikinge dhidi ya kokoto za tabaka la kukusanyia maji machafu, na mchoro wako utastahili jina ulilouandikia.